Gari la Kumrudisha Mama Kondoa

Daktari alitumia maneno machache, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu, na kama mama ana mahali anapopenda kuwepo, tumpeleke sasa, angali anaweza kusafiri. Dada yangu aliinamisha kichwa. Mama, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka kitandani, "Kwangu."

Kwake ni milimani, juu ya mji wa Kondoa, kule ambako lami inakuacha na unaanza kupanda kwenye udongo mwekundu, mkono mmoja mlima, mkono wa pili korongo lililochimbwa na mvua. Huko amelima mbaazi na uwele tangu alipoolewa. Baba kazikwa huko, nyuma ya nyumba. Miezi yote ya matibabu mama alikaa Makole, mjini Dodoma, kwa dada yangu, na hata siku moja sikumsikia akipaita pale "nyumbani". Alipaita "hapa". Hapa pana joto. Hapa watu hawalali. Hapa maji yana chumvi.

Mimi nina gari la dizeli, lile refu lenye paa la juu, ambalo napelekea viti na maturubai kwenye shughuli za watu. Lilikuja nchini likiwa limeshatumika, na nyuma niling'oa viti vyote ili kupata nafasi ya mizigo. Katika ukoo wetu ndilo gari pekee ambalo mtu anaweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Kwa hiyo hapakuwa na majadiliano ya nani atampeleka mama. Nililiosha, nikatandika godoro, dada akaweka mito pembeni ili mgonjwa asigonge bati, na asubuhi tukambeba na shuka lake tukamlaza. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa.

Tulipotoka mjini alianza kuuliza njia, kama mtu anayehesabu shanga.

"Tumefika wapi?"

"Tumeipita Mayamaya, mama."

"Chemba bado?"

"Bado kidogo."

Akafumba macho. Dada alikuwa amekaa sakafuni kando yake, amemshika mkono. Nakumbuka nilijiona mwenye bahati. Nilikuwa nafikiria jinsi tutakavyoingia kijijini, nani atakuja kutupokea, na hapo hapo, tukipanda kilima kidogo, ikawaka kwenye dashibodi taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini.

Gari halikuzima. Ningependa lingezima, maana gari lililozima linakuamulia. Hili lilipungua tu. Nikikanyaga mafuta injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Malori tuliyokuwa tumeyapita yakaanza kutupita sisi. Kwenye mwinuko mmoja ambao siku zote naupanda bila hata kuuona, nilishuka hadi gia ya pili, na bado gari lilikuwa likijikokota.

Nikasimama pembeni. Dada akainua kichwa.

"Kuna nini?"

"Taa ya injini imewaka. Gari limekosa nguvu."

"Tutafika?"

"Huku tambarare tutafika. Kule kwenye milima sijui."

"Sijui siyo jibu, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini ili mama asisikie. "Likikwama kule kwenye makorongo naye yumo ndani, simu hazishiki, tutambeba na nini?"

Kule juu gari lisilo na nguvu haliishii kusimama tu, linarudi nyuma. Nikageuza. Nilifanya taratibu, kwa kona pana, nikidhani mama hatatambua. Lakini jua lilikuwa likimpiga upande wa kulia tangu tulipotoka, na sasa likahamia kushoto.

"Mbona jua limehama?" akauliza.

Dada akamweleza. Hadi Makole machozi yalikuwa yakimtoka mama pembeni ya macho na kuingia masikioni, na dada akawa anayafuta kwa ncha ya kanga.

Fundi wa kwanza ni yule anayelijua gari langu siku zote. Injini ya gari lile iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo alikinyanyua kiti, akajilaza kifudifudi juu ya injini na kuchungulia kama mtu anayetazama kisimani. Aliifungua filta ya dizeli, akamwaga kilichokuwamo kwenye kopo, akanionyesha. Chini kulikuwa na maji, na juu yake dizeli nyeusi.

"Unaona unachomlisha huyu?" akasema. "Hapa lazima akohoe."

Akaweka filta mpya, akachomoa waya wa betri, akaacha kwa muda, akaurudisha. Nikawasha gari. Taa ikawaka na ufunguo kama kawaida, kisha ikazimika. Nilimpa mkono fundi yule kwa nguvu hadi akacheka.

Sikutaka kumbeba mama kabla ya kulijaribu gari, hivyo nikashika barabara ya Morogoro mpaka Buigiri. Lilivuta vizuri. Pale Buigiri nikashuka, nikanywa soda nimesimama, nikampigia dada.

"Mwambie mama tunaondoka kesho asubuhi."

Nikamsikia akimwambia, na nikamsikia mama akiuliza kama kanga yake mpya imefuliwa.

Nilipokuwa narudi, karibu na Ihumwa, kwenye kipande chenye matuta, taa ikawaka tena. Nguvu zikaisha vilevile, kama vile mtu amefunga bomba. Nilikaa pembeni ya barabara huku magari yakinipita, nikaona nimpigie dada, nikaona nisimpigie. Mwishowe nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta mama amesukwa nywele. Dada alikuwa amezisuka zile nywele chache zilizobaki, mistari miwili tu, na mama alikuwa ameegemea mto, ananisubiri.

"Bado, mama," nikasema.

"Taa inasemaje?"

"Inasema kuna ubovu kwenye injini."

"Ubovu wapi?"

"Haisemi wapi. Inasema upo tu."

"Kama yule daktari wangu wa kwanza," akasema, akageukia ukutani.

Nilielekezwa kwa fundi mwingine, mtaa wa Area D, mwenye mashine ya kusoma injini. Gereji yake safi, imesakafiwa, na yeye mwenyewe mtu mpole mwenye kusikiliza. Alichomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akanigeuzia kioo cha mashine nione. Kulikuwa na namba na maneno ya Kiingereza.

"Maana yake dizeli haifiki kwenye nozeli, zile zinazoinyunyizia injini, kwa msukumo unaotakiwa," akaniambia. "Injini ikiona hivyo inajipunguzia nguvu yenyewe ili isife. Mara nyingi ni ile sensa inayopima msukumo. Ikichoka inatoa taarifa za uongo."

"Unayo?"

"Hapa Dodoma hutaipata. Tuagize Dar es Salaam, ije na basi."

Tukaagiza. Ilipokuja haikulingana, meno yake ya kufungia yalikuwa ya injini nyingine. Ikarudishwa, tukasubiri nyingine. Sikuwahi kujua kwamba kusubiri kunaweza kumchosha mtu mwili hivi, mtu aliyekaa tu. Kila asubuhi nilipoingia chumbani mama aliuliza jambo lile lile, "Imezimika?", na kila asubuhi alihitaji dawa zaidi ili kufikia saa ya kuuliza. Alianza kuchanganya maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, na sasa kilikuwa kikimtoka, anabaki na Kirangi, lugha ya kwao, peke yake. Jirani zetu wa Makole waliokuja kumjulia hali walikuwa wakinitazama mimi niwatafsirie. Wakati mwingine nilitafsiri, wakati mwingine nilisema, "Anawasalimu." Kwa kweli alikuwa akiwaambia wamfungulie mlango.

Katika siku zile za kusubiri dada akasema tujaribu gari dogo la jirani. Tulilaza kiti cha mbele mpaka mwisho, tukamweka mama na mito, jirani mwenyewe akaendesha, tena kwa uangalifu mkubwa. Hatukufika hata nje ya mji. Mama hawezi kukaa, na kiti kilicholazwa bado ni kiti. Kila tuta lilimtoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, si kilio, ni kama mtu anayenyanyua mzigo. Kwenye mzunguko wa barabara akasema, "Nirudisheni." Jirani akazunguka mzunguko wote, akaturudisha. Tuliulizia gari la wagonjwa la kukodi, tukaambiwa lipo lakini milimani halipandi.

Sensa ya pili ililingana. Fundi wa Area D akaifunga, akafuta zile namba kwenye mashine, akaendesha mwenyewe mpaka nje ya mji na kurudi. Safi. Mimi nikaendesha tena mbali zaidi. Safi. Sikumpigia dada safari hii. Nilirudi nikasimama mlangoni, nikasema, "Naona iko sawa." Dada hakushangilia. Alianza tu kukunja nguo.

Tukambeba tena. Alikuwa mwepesi zaidi. Tulipokuwa tunapita Msalato alikuwa macho, anatazama juu, kwenye paa la gari, na nikamwona kwenye kioo anasogeza midomo. Sijui kama alikuwa anaomba au anaongea na mtu. Tuliendelea. Mji ukaisha, mashamba ya alizeti yakaanza, yamekauka, yameinamisha vichwa. Kisha barabara ikawa na kipande kinachotengenezwa, tukatolewa pembeni kwenye vumbi na mawe, gari likatikisika, na ile taa ikawaka.

Injini ilipobadilisha sauti mama aliitambua, kama vile na yeye alikuwa akiisikiliza njia nzima.

"Usigeuze," akasema kwa Kirangi.

"Mama."

"Usigeuze. Twende hivi hivi."

Nikaenda hivi hivi. Niliwaza nimfikishe Kondoa mjini kwanza, huko milimani watajua watu wa huko, tutambeba kwa machela mabegani kama walivyokuwa wakibebwa wazee zamani. Tulitambaa. Bajaji moja ikatupita. Kisha maumivu yakamjia, yale makubwa, na akatapika, na dawa aliyokuwa amemeza ikatoka yote. Dada alimshikilia kichwa. Alikuwa amejaa matapishi kwenye mikono na kwenye gauni. Aliniangalia kupitia kioo, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata mumewe alipofariki.

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Mama hakusema chochote kuhusu jua.

Baada ya hapo hakuuliza tena asubuhi kama taa imezimika. Nilikuwa naingia, namwamkia, "Shikamoo mama," na alikuwa akijibu kwa kusogeza vidole. Dada aliniambia niache kuhangaika na gari, nikae naye. Nilikaa. Lakini nilipokaa niliona macho yake yanaufuata mlango, na nikashindwa. Nikatoka kutafuta fundi wa tatu.

Huyu alikuwa fundi umeme wa magari, hapo hapo Makole, chini ya paa la mabati. Alinisikiliza akiwa anakula, akamaliza, akanawa mikono.

"Taa inawaka gari likiwa limesimama?" akauliza.

"Hapana."

"Kwenye lami nzuri?"

"Mara nyingi hapana. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye lami, lakini tulikuwa tunapanda."

"Kwa hiyo likitikisika, au likivuta." Akakuna shingo. "Inaweza kuwa waya. Inaweza isiwe. Sikudanganyi."

Siku ya kwanza alipima nyaya za sensa mpya na hakukuta kitu. Akaniambia niliache gari. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana akanikalisha kwenye usukani, injini inanguruma, kiti cha pembeni kimenyanyuliwa na yeye kainama juu ya injini, mkono wake umezama mpaka begani. Kazi yangu ilikuwa kutazama dashibodi. Alikuwa akishika waya mmoja mmoja na kuutikisa.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Joto la injini lilikuwa likinipiga miguuni, jasho linaniingia machoni, na sikuthubutu kupepesa.

"Sasa?"

"Imewaka."

Akautikisa tena. Injini ikabadilisha sauti, ile sauti ninayoijua.

"Zima," akasema.

Alinionyesha kwa tochi. Fungu la nyaya linalokwenda kwenye pampu ya dizeli lilipita chini ya kipande cha chuma, na pale lilipopita lilikuwa likisuguliwa kidogo kidogo, pengine kwa miaka, mpaka ganda la waya mmoja likaisha. Shaba ilikuwa wazi, inang'aa. Gari likitikisika, waya unagusa chuma, pampu inakosa amri, dizeli inapungua. Mashine ya Area D haikusema uongo. Msukumo wa dizeli ulikuwa ukipungua kweli. Na maji kwenye filta yalikuwa maji kweli. Kila fundi alikuwa amepata kitu.

Kidonda chenyewe hakikuzidi ukubwa wa punje ya mtama.

Fundi alikuwa ameshaukata waya ili auunge upya pale simu yangu ilipolia. Ilikuwa alasiri. Dada alisema, "Mdogo wangu, rudi."

"Amezidiwa?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wanasoma Kurani.

Nilishusha simu. Fundi alinitazama usoni, na alielewa, kwa sababu nilikuwa nimemweleza habari zote za mama. "Pole sana, kaka," akasema. Kisha akaangalia zile ncha mbili za waya mkononi mwake, akaniangalia mimi. Gari lisingeweza kuondoka likiwa vile. Ningeweza kutembea, si mbali. Lakini nilikaa kwenye kibao pale nje na nikamwangalia akiunga waya, akayeyushia risasi ya kuungia nyaya, akauzungushia utepe, akaufungia mbali na kile chuma. Hakuharakisha na wala hakuchelewesha. Nadhani hakujua afanye nini zaidi ya kuifanya kazi ile vizuri.

Nikawasha. Taa ikawaka na ufunguo, ikazimika. Toka siku ile haijawaka tena.

Wanawake walimwosha mama na kumvika sanda jioni ile, na kulipopambazuka tuliondoka. Tulimlaza palepale alipokuwa akilala, tumeondoa godoro na mito. Wajomba wawili walikaa sakafuni pamoja naye. Dada alikaa mbele na mimi. Gari lilivuta kama jipya. Tukaipita Msalato, tukaipita Mayamaya, na Chemba ikafika mapema kuliko nilivyotegemea, na kila tulipopita mahali nilisikia kichwani swali la tumefika wapi, na hapakuwa na wa kumjibu. Kondoa hatukusimama. Tukaacha lami tukaanza kupanda, korongo upande wa kushoto, udongo ule mwekundu umelowa kidogo, na gari likapanda. Nililikanyaga kuliko ilivyohitajika. Nilitaka likwame. Nilitaka taa iwake, hata pale juu kabisa, ili angalau nione kwamba tusingefika kwa vyovyote vile. Halikukwama.

"Punguza," dada akasema. "Hakuna tunakowahi."

Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri, kando ya baba. Watu walikuwa wengi, waliochimba kaburi walikuwa wamemaliza tangu asubuhi. Mimi na wajomba tuliingia kaburini kumpokea. Nilipotoka nilinawa udongo, nikapewa uji, nikaunywa.

Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda kwenye nyumba ya mama. Nilitegemea kukuta vumbi na buibui, nyumba iliyofungwa miezi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo bibi mmoja, mke wa marehemu baba mdogo wa upande wa pili wa kilima, ambaye alilima na mama mashamba yanayopakana. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka. Uwanja ulikuwa umefagiwa, sakafu imesiribwa upya, na mtungi umejazwa maji. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa shuka la maua, mto umesimamishwa ukutani, kama wanavyoupanga kwa mtu asiyeweza kulala chali.

"Dada yako alipiga simu kwamba mnamleta," bibi akasema. "Nikatandika. Hamkuja. Akapiga tena kwamba mnamleta. Nikabadilisha shuka, maana lile la kwanza lilikuwa limeshika vumbi."

Nilitaka kumweleza habari za waya na zile safari mbili, nikaishia kulitazama lile shuka.

"Kaa basi," akasema, akinionyesha kitanda, kwa kuwa hapakuwa na kiti mle ndani.

Nilibaki nimesimama. Akauondoa mto, akaanza kulitoa lile shuka, kona moja baada ya nyingine. Nikashika upande wa pili, tukalikunja.